Malkia Aliyesuguliwa

Mtoto alikuwa analia chumba cha pili, na Mzee Yahaya alikuwa anajifanya hamsikii.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wenzako walishaandika maelezo yangu, binti. Mwizi mnaye ndani. Umekuja kutafuta nini tena?"

"Nimekuja kuangalia kabati," alisema Inspekta Truphosa Odongo. Alivua viatu mlangoni, akapita.

Jalada lilimfikia asubuhi hiyo, jembamba kama chapati ya mgahawani. Mlalamikaji: Yahaya, mstaafu wa meli za ziwani, mkazi wa Mtaa wa Rufiji. Mali iliyoibwa: sarafu moja ya fedha ya Uingereza, krauni ya Malkia Viktoria ya mwaka 1889. Mtuhumiwa: Hellen, mfanyakazi wa ndani, mwenyeji wa Nansio. Ushahidi: aligombana na mwajiri wake, kisha sarafu ikakosekana. Basi, hapo jalada linaishia. Saa nane mchana karandinga lingempeleka mahakamani, na kwa kuwa hakuwa na ndugu mjini wa kumdhamini, usiku angelala gerezani.

Bushra, mjukuu wa mzee, alitokea mlangoni na mtoto wa Hellen begani. "Afande, tangu jana amekataa chupa. Nilimpeleka kituoni anyonye, mama yake mwenyewe akanirudisha. Kasema humo mahabusu kuna mtu anatapika na kuhara, nisimwingize."

"Ana akili huyo mama," alisema Truphosa. "Mpe uji mwepesi kwa kijiko. Polepole, usimlazimishe."

Akaligeukia kabati. Lilikuwa la vioo, halina kufuli. Chini palikaa vikombe vya wageni. Juu, sinia la mbao lililovishwa mahameli, limefunikwa kitambaa cheupe.

"Kitambaa hiki huwa kinakaa hapa siku zote?"

"Kuzuia vumbi," alijibu mzee haraka.

Truphosa akakitoa. Koplo Revocatus, aliyesimama nyuma yake, akapiga mluzi.

"Wee! Zinang'aa kama zimetoka kiwandani jana!"

Mzee Yahaya alifumba macho kama mtu aliyechapwa kofi. Truphosa akaliona hilo. Alichukua peni moja ya shaba. Ilikuwa ya waridi, rangi ya kisigino cha mtoto mchanga.

"Hii ya mwaka gani, mzee?"

Hakuweza kujizuia. "Elfu moja mia tisa kumi na mbili. Huyo ni Mfalme Joji wa Tano. Na hiyo ya pembeni florini, hiyo nusu krauni, alinipa baharia mmoja wa Kiskoti kule Bukoba, nilimbebea mzigo hakuwa na kingine. Ile yenye tundu katikati si ya Uingereza hasa, ni senti zetu za wakati wa mkoloni, lakini ilipigwa kulekule." Mikono yake iliyokuwa imekaa mapajani sasa ilikuwa inaruka. "Nimeanza kukusanya nikiwa kijana wa melini. Watu wakinywa, mimi natafuta peni. Na krauni, binti! Nzito, imejaa kiganja. Mbele malkia na kitaji chake kidogo, nyuma mtu juu ya farasi anaua joka. Haina kovu hata moja!"

"Na yenyewe ilikuwa inang'aa hivi?"

Mikono ikatua.

"Mzee wangu," alisema Truphosa, "mimi nina watoto wanne. Mtu akificha kitu namjua kwa mabega. Nani amezifanya hizi sarafu hivi?"

Chumba cha pili mtoto alinyamaza kidogo, akaanza upya.

"Alizisugua," mzee alisema hatimaye. "Nilikwenda Sengerema kumzika dada yangu. Huku akasikia watu watakuja kutoa pole, akaona nyumba ing'ae. Alisugua masufuria, akasugua vikombe, akafika hapa. Majivu, ndimu, na stili waya! Nimerudi Jumapili na kivuko cha jioni, ananionyesha huku anacheka, eti, 'Babu, hela zako zilikuwa chafu, nimekusafishia.'"

Revocatus alikohoa kuficha kicheko.

"Usicheke, kijana! Sarafu haisuguliwi. Ule weusi ndio umri wake. Ukiutoa umeichuna ngozi."

"Ndiyo mkagombana."

"Nilipiga kelele mtaa mzima ukasikia."

"Na polisi hukuwaambia kwamba ugomvi ulihusu nini. Umesema, 'mambo ya kazi za nyumbani.'"

"Ningesemaje? Mimi ndiye niliyewafundisha wenzangu wote kwamba sarafu haisuguliwi. Ikijulikana kwamba nyumbani kwangu malkia kasuguliwa kama sufuria la ugali, watanicheka mpaka kaburini."

"Kwa hiyo ukaona heri mtu alale mahabusu."

Truphosa alitoa kioo cha kukuzia, akainamia nusu krauni. Akaangalia florini. Akaangalia shilingi. Akarudia nusu krauni, na safari hii alitabasamu.

"Revo, njoo uone. Unaona mikwaruzo?"

"Imejaa. Duara, duara, duara."

"Ndivyo mwanamke anavyosugua sufuria. Sasa fikiri. Mtu anayetaka kuiba kitu hakianiki kwanza kikang'aa mbele ya mwenyewe. Lakini aliyeiba, awe nani awe nani, ana krauni yenye mikwaruzo hii. Mzee alizifunika, hakumwambia mtu. Mwizi ameokota chini ya kitambaa asichokijua." Alimgeukia mzee. "Jumatatu, watu walipokuja kutoa pole, nani alikaa upande huu wa kabati?"

"Wanawake walikuwa uani. Humu walikaa wanaume. Hapo penye kabati alikaa Lukman, mtoto wa ndugu yangu, na rafiki yangu Okomo, mnunuzi wa mabondo. Lukman ni sonara. Mara ngapi ameniomba ile krauni aiyeyushe atengeneze bangili!"

Truphosa alitia nusu krauni katika bahasha, akaandika, akampa mzee asaini kwamba imechukuliwa kwa ulinganisho. Saa ya ukutani ilikuwa imepita tano.

*

Mtaani Makoroboi kulikuwa kumechangamka. Lukman alikuwa kwenye kibanda chake cha usonara, moto wa gesi unavuma, na alipoona sare ya Revocatus mlangoni alitupa kitambaa juu ya chungu kidogo kilichokuwa motoni.

Kitambaa kikashika moto.

"Zima, zima!" alipiga kelele Revocatus. Lukman alikipiga kwa kiganja, akatukana kwa sauti ya chini, akapuliza vidole.

"Unaficha nini?" aliuliza Truphosa.

"Sifichi, afande. Nilikuwa nafuta jasho."

"Kwa kitambaa, juu ya moto."

Aliinama. Ndani ya chungu kulikuwa na fedha iliyoyeyuka, nyeupe, inacheza kama jicho. Revocatus tayari alikuwa ameshika pingu.

"Hii ilikuwa nini kabla ya kuwa uji?"

Lukman aliangalia nje, akaangalia ndani, akashusha sauti. "Kikuku. Cha mke wangu mkubwa."

"Na mwenzake?"

Akavuta droo, akatoa kikuku kizima cha fedha, kimechakaa. "Hiki hapa. Natengeneza bangili ya mke mdogo. Akija kuuliza, afande, mimi na wewe hatujaonana."

Truphosa alimwomba mizani. Fedha ilipopoa Lukman aliipima mwenyewe, kisha akapima kikuku kilichobaki. Vilikaribiana sana, na vyote viwili vilikuwa vyepesi. Truphosa alitoa ile nusu krauni, akaiweka kwenye mizani peke yake. Krauni nzima ingekuwa mara mbili ya hapo. Uji ule haukuufikia uzito huo hata kidogo.

"Mlidhani nimeyeyusha ile ya baba mkubwa?" Lukman alicheka sasa, ametulia. "Namchokozaga tu mzee. Kuyeyusha krauni ni sawa na kuchinja ng'ombe wa maziwa ili ule nyama mara moja. Sonara haiti hiyo mali. Hiyo ni mali ya mtu mwenye ugonjwa wa kukusanya."

"Mtu kama nani?"

"Kama wao wenyewe! Huyapati maneno yao? Mwezi uliopita Okomo kaja na krauni kama ileile, kainunua Kampala. Kaiweka mezani kwa maringo, wameita watu, chai, sambusa. Baba mkubwa katoa sumaku mfukoni. Fedha hainaswi na sumaku, afande. Ile ikaruka, pwaa! Ikanasa. Chuma kitupu! Walimcheka mpaka chai ikawapalia. Mpaka leo wanamwita Bwana Sumaku."

"Akafanyaje?"

"Alinuna. Halafu leo asubuhi ameandika kwenye kundi lao." Lukman alitoa simu, akasoma kwa sauti ya Okomo, kifua mbele: "'Wenye wivu njooni leo saa tisa na sumaku zenu. Ile ya siku ile ilikuwa mbovu. Taji langu halina aibu.' Na picha kaweka."

Truphosa aliitazama picha. Krauni ya 1889, imelala juu ya pamba.

"Afande, hiyo nyeusi tii," alisema Revocatus, sauti imepooza. "Ya kwetu inang'aa. Hiyo siyo."

"Ndiyo maana tunaenda."

*

Mwaloni Kirumba harufu ya dagaa ilikupokea kabla hujafika. Ghala la Okomo lilikuwa nyuma ya soko. Ndani mabondo ya sangara, vile vibofu vya tumboni mwa samaki, yalitundikwa kwenye kamba kama soksi zilizofuliwa, yanangoja kusafiri kwenda Uchina. Revocatus alisimama getini kununua yai la kuchemsha lenye kachumbari, maana hakuwa amekunywa chai, akaingia huku anatafuna.

"Karibu, karibu! Dada wa Mara, nimekuona tu nikajua ni wa nyumbani!" Okomo alikuwa mtu mkubwa, na siku hiyo alikuwa mkubwa zaidi, amevaa shati jipya. "Mmekuja kwa habari ya mzee wangu Yahaya? Masikini. Hawa wasichana wa kazi, dada, unawalisha, unawavisha..."

"Nimesikia una krauni. Nataka kujua inafananaje, sijawahi kuishika."

Hakuhitaji kubembelezwa. Alitoa kijisanduku, akafungua pamba, akaiweka kiganjani kwa Truphosa kama anampa kifaranga. Ilikuwa nzito kweli. Malkia alikaa pale mweusi, mwenye hasira, kitaji kimekaa juu ya shela.

"Ndiyo ileile iliyonasa kwenye sumaku?"

"Ileile! Sumaku yao ilikuwa mbovu. Jaribu hii." Akamrushia sumaku ya spika. Truphosa aliigusisha. Haikunasa. "Umeona? Bwana Sumaku nani sasa? Leo saa tisa watakula maneno yao hapa hapa!"

Truphosa aliisogeza karibu na uso. Akasita.

"Revo. Umeishika hii sarafu?"

"Sijaigusa, afande."

"Rudi nyuma, nenda mpaka mlangoni na yai lako."

Revocatus alirudi nyuma, mdomo umejaa. Truphosa alinusa tena. Harufu haikuondoka.

Alipokuwa chuoni, Truphosa aliuza mayai ya kuchemsha stendi ya Nyegezi. Kila alipomenya beseni zima, pete ya fedha ya mama yake ilikuwa nyeusi kidoleni, na ilinuka hivihivi. Fedha ukiifungia na yai lililoiva, hata usiku mmoja tu, inageuka makaa.

Hakulisema hilo. Aliuliza kwa sauti ya mtu asiyejua kitu:

"Bwana Okomo, hizi sarafu mnazisafishaje? Mimi ningeipiga stili waya na majivu kidogo."

Okomo alishika kifua. "Weee! Usirudie neno hilo humu! Mkusanyaji hasugui sarafu, dada. Ni dhambi."

"Labda mke wako, bila wewe kujua."

"Hakuna mwanamke anayeigusa. Kijisanduku kina ufunguo, ufunguo uko shingoni mwangu." Akauvuta kutoka ndani ya shati, akauonyesha. "Tangu Kampala, hii haijaguswa na kitu zaidi ya pamba."

"Haijasuguliwa."

"Naapa mbele ya Mungu."

"Koplo, umesikia?"

"Nimesikia, afande," alisema Revocatus, na yai likapita.

Truphosa alivuta kiti dirishani kwenye mwanga. Alitoa bahasha, akaweka nusu krauni ya Mzee Yahaya mezani, na krauni nyeusi kando yake. Akampa Okomo kioo cha kukuzia.

"Angalia shavu la malkia. Kisha angalia nusu krauni hii."

Okomo aliinama. Shingo yake ikaacha kusogea.

"Unaona duara? Hii imesuguliwa Jumapili na Hellen, kwa stili waya. Na hiyo yako ina duara zilezile, upana uleule. Sasa sikiliza vizuri. Sarafu nyeusi ya zamani ukiikwaruza, mkwaruzo unang'aa, kwa sababu umetoa weusi. Yako mikwaruzo nayo ni myeusi. Maana yake imesuguliwa kwanza, ikang'aa, halafu mtu akaitia weusi. Tena si zamani. Bado inanuka yai. Nenda kwenye bawa la joka. Huo weupe uliokwama ni nini?"

Okomo alifuta kioo kwa shati, akaangalia tena.

"Majivu," alijibu Truphosa mwenyewe. "Ulipofika nyumbani ukaitoa mfukoni ukaona inawaka kama sahani. Wenzako wangejua mara moja kwamba siyo ile ya Kampala. Ukaitafutia umri kwenye mayai. Ungesema tu kwamba mkeo ameisugua, ningepata kazi. Lakini wewe ni mkusanyaji. Umekubali kuapa kuliko kuonekana umesugua sarafu."

"Dada," Okomo alishusha sauti, "sisi ni watu wa nyumbani, haya tuyamalize..."

"Nyumbani kwetu mwizi anaitwa mwizi. Koplo, droo hiyo."

Revocatus alivuta droo ya meza. Ilikwama, akaitikisa. Kitu kikagonga chuma. Alipotoa mkono alikuwa ameshika sumaku kubwa, na juu yake, imeng'ang'ania kama kupe, krauni nyingine nyeusi ya mwaka 1889.

"Afande! Ndiyo hii Bwana Sumaku!"

Okomo aliketi. Kiti kikalia. Kwa muda mfupi alionekana mtu wa kawaida tu, mwenye shati jipya.

"Walinicheka, dada. Mbele ya mtoto aliyeleta chai. Nilitaka iwe yangu siku moja tu, waione. Kesho ningeirudisha."

"Na Hellen ungemrudisha lini?"

Revocatus alimfunga pingu, na Truphosa akatazama saa. Saba na nusu ilikuwa imepita.

*

Alipiga simu ya kaunta ya kituo. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Akampigia mkuu wa kituo; yuko kikaoni, simu imezimwa.

"Baki na huyu, piga simu waje na gari," alimwambia Revocatus, akatoka mbio na bahasha kifuani.

Bodaboda wa kwanza aliyemwona alikuwa anapatana na mama mwenye ndoo ya samaki. "Mama yangu, samahani, huyu namchukua," alisema Truphosa, akapanda. "Kituo kikuu. Kimbia, lakini nifike mzima, nina watoto."

"Tukisimamishwa na trafiki?"

"Mimi ndiye nitamsimamisha!"

Walipita Kirumba kwa pembeni ya lami, wakapita katikati ya lori mbili za mchanga, wakakutana na foleni ya karibu na daraja. Kijana akapanda ukingo wa wapita njia. Watu wakaruka, mmoja akawatupia ganda la mua. Truphosa alikuwa anapiga simu ya kaunta kwa mkono mmoja, mwingine umeshika bahasha. Inaita. Inaita.

Geti la kituo lilikuwa wazi, na pua ya karandinga ilikuwa tayari imetoka nje.

Alishuka bodaboda kabla haijasimama, akapiga boneti kwa viganja viwili.

"Zima! Zima gari!"

"Afande, tumechelewa mahakamani..."

"Namtaka Hellen. Shusha."

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Wanaume walisogea, na msichana akashuka akiwa ameshika ubavu wa gari, macho yamevimba, kanga kaifunga kifuani kwa mafundo mawili. Nje ya geti alikuwa amesimama Mzee Yahaya na kanzu yake, amekuja kuona mali yake ikitetewa.

"Mtuhumiwa mwingine amekamatwa na kidhibiti mkononi," Truphosa alimwambia askari wa karandinga. "Huyu hafiki mahakamani leo. Nitasaini mimi."

Aliifungua bahasha, akamwonyesha mzee krauni bila kumwachia. Mzee aliikodolea.

"Wameifanya nini? Imekuwa nyeusi, lakini siyo weusi wake. Nani kaifanya hivi? Nipe nione upande wa farasi..."

"Mzee Yahaya."

"Nione tu ukingo..."

"Mzee. Geuka. Mtu wako yuko upande huu."

Aligeuka. Alimtazama Hellen kuanzia usoni mpaka miguuni, ambako hapakuwa na ndala. Akavua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili.

"Mwanangu," alisema, "nimekosa. Nilijua kwa nini tuligombana, sikusema. Naona aibu hata..."

"Mtoto amekula?" Hellen alimkatiza.

"Amepewa uji. Bushra anasema..."

Hellen hakungoja Bushra anasema nini. Alipita katikati yao, akavuka geti, akashika njia ya Mtaa wa Rufiji anakimbia peku, na kanga yake kifuani ilikuwa imelowa maziwa.